Tumbo Linalongoja Komisio

Jumatatu, 14 Septemba 1953

Daftari hili sikulitaka. Ni amri ya infirmier Nicodème, muuguzi wa hospitali ndogo. Leo asubuhi amenilaza juu ya meza, akanibonyeza tumbo kwa vidole vyake vya baridi, juu, chini, kila upande. Akauliza minyoo. Akauliza pombe. Akauliza choo — mbele ya foleni nzima! Mwishowe akakuna kichwa. Ugonjwa hauonekani. Eti nigawe ukurasa sehemu mbili, huku chakula, huku maumivu, na Jumamosi ya wiki ijayo nimpelekee asome, ajue ni chakula gani kinaniua. Haya. Mimi ni karani wa mizigo ya reli hapa Kamina, kugawa ukurasa ndiyo kazi yangu.

Chakula: bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, samaki mkavu kidogo.

Maumivu: saa tatu, ofisini, chini ya kifua, kama mtu anayekamua nguo iliyolowa. Saa sita tena. Saa kumi kichefuchefu. Nicodème alinipa unga mweupe wa bikaboneti. Nimekunywa, nikapiga mbweu kubwa hadi mke wangu Dorothée akacheka huko jikoni. Nikadhani nimepona. Baada ya robo saa yalirudi.

Jumanne, 15 Septemba

Chakula: uji mwepesi.

Maumivu: hakuna. Niliandika "hakuna" saa tatu na nusu, nikafurahi. Saa nne Malachie akageuza kiti chake.

Malachie anakaa meza ya pili ofisini kwetu. Mluba kama mimi, karani kama mimi. Tofauti ni moja: tangu mwaka juzi ana kadi ya mérite civique mfukoni, ile ya mtu mweusi aliyehesabiwa kuwa amestaarabika. Mimi nimeiomba tangu mwezi wa tatu. Amenong'ona kwamba jina langu limefikiwa. Komisio, yaani tume ya ukaguzi, itakuja nyumbani, na yeye mwenyewe wamemweka ndani yake.

"Banafungua hata kifuniko ya chungu," akasema. "Banaangalia choo. Banaangalia kama bibi anakula ku meza na bwana yake."

Nilikuwa nimekwisha inuka, nakimbilia choo.

Kwa nini naitaka kadi hiyo? Hakuna atakayesoma sehemu hii, nitamfunikia Nicodème kwa karatasi, basi niandike. Mwenye kadi hapigwi fimbo. Mwaka 1944 nilipigwa viboko vinane uwanjani mwa gereza kwa ajili ya furushi lililopotea, furushi ambalo sikuwahi hata kulishika. Suruali chini, uso mchangani, watu wamesimama wanatazama. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Makovu yamepona zamani. Tumbo ndilo halikutoka pale uwanjani. Mzungu yeyote akiinua sauti, linajikunja kungoja kiboko cha tisa.

Dorothée anajua. Mwingine hajui.

Alhamisi, 17 Septemba

Barua imekuja. Jumamosi, tarehe 3 Oktoba, saa sita mchana. Watakula pamoja na familia. Ndani kuna fomu ya kujaza: wakaaji wa nyumba, dini, vitabu, kama mtu anakwenda kwa waganga wa kienyeji.

Chakula: hakuna.

Maumivu: siku nzima. Siku nzima!

Jumapili, 20 Septemba

Baada ya misa nimeendelea kumfundisha Dorothée uma na kisu. Yu mjamzito wa miezi minane, hana subira na vyuma. Amejichoma mdomo. "Hii kitu inanitoboa! Mikono njo Mungu alinipa!" Kisha akanitazama usoni, akaona jinsi nilivyo, akaokota uma tena. Namshukuru. Sikumwambia.

Alasiri, balaa. Mama mkwe amefika kutoka Mulongo, kule mtoni.

Nilijua atakuja. Mtoto wa kwanza, mama wa mke lazima aje. Lakini nilitegemea wiki ijayo! Nimesikia lori, nimesikia Dorothée akipiga vigelegele, nikasikia sauti ya Mama Numbi tayari iko mlango wa mbele. Nami niko chumba cha mbele, katika shati la kanisani. Kwetu ukwe si mchezo. Mkwe wa kiume na mama wa mke hawatazamani. Hawapiti njia moja, na kula mbele ya mwenzako ni sawa na kuvua nguo mbele yake. Miaka minne ya ndoa, uso wake siujui. Najua kisigino chake na ncha ya kitambaa chake, basi.

Nimetoka kwa dirisha. Karani wa reli, tai shingoni, anaruka dirisha la nyumba yake mwenyewe! Jirani yetu Phébé ameniona, ameniamkia kwa heshima zote kama mtu aliyetoka mlangoni. Mwanamke mwema.

Mama Numbi tumempa kichumba cha nyuma. Ukuta wa matofali kati yake na chumba chetu haufiki paani. Akikohoa, nasikia. Nikijisikia vibaya mimi, bila shaka naye anasikia. Aibu.

Chakula: wali kidogo. Maumivu: tangu lori lilipofika.

Jumatano, 23 Septemba

Fomu nimeirudisha. Mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Wakaaji: Constant Umba, Dorothée, na mama wa mke wangu. Malachie alinishauri niandike kweli tupu, kwa maana wao huchunguza. Kwa waganga wa kienyeji: sijawahi, siendi. Kweli tupu.

Mkanda nimeutoboa tundu jipya. Suruali inanitoka.

Nimepita dukani kwa Sefu kununua sabuni. Sefu ni mtu wa Maniema, babu zake walikuja huku na biashara, na mdomo wake hauna mlango. Amenitazama tu, akasema karani ana tumbo joto. Nikakana. Akacheka: "Mficha uchi hazai, karani. Sema, tumbo inafanya nini?"

Nikasema. Kidogo. Amenipa tangawizi, akanikataza kata kata kugusa kahawa wala pilipili. Tangawizi niichemshe, ninywe ikiwa vuguvugu, si moto. Nitafune polepole kama mzee asiye na meno. Na chumvi ikaangwe kavu, ifungwe katika kitambaa, nijikande nayo.

Nimefanya yote. Chumvi ya moto tumboni — raha! Saa mbili nzima za raha. Hata nimeimba.

Ijumaa, 25 Septemba

Chakula: uji, tangawizi, uji.

Maumivu: ngoja kwanza niandike ya ofisini.

Mizigo ya Luena nimeiandikia Kaniama. Vifurushi kumi na viwili! Miaka tisa sijakosea hivyo. Sababu naijua: saa ile nilikuwa nafikiri kifuniko cha chungu, je, kina kutu? Mkuu wetu wa ofisi amekuja na karatasi mkononi. Sauti ikapanda. Nikasimama wima, ndiyo bwana, ndiyo bwana, na ndani tumbo likashika kama ngumi. Alipoondoka nilitoka nje nikatapika nyuma ya ghala, mbele ya mbuzi wa mtu. Tangawizi tupu.

Nikafuta mdomo, nikarudi, nikaketi. Malachie hakugeuza kiti.

Sasa nyumbani nimelifungua daftari hili nikalisoma tangu mwanzo kama ninavyosoma hati za mizigo, mstari kwa mstari. Siku ya sombe, maumivu. Siku ya uji, maumivu. Siku nisiyokula kabisa, maumivu kuliko zote! Siku ya uji asubuhi, salama — mpaka Malachie alipofungua mdomo. Chakula hakina kosa. Ningepaswa kugawa ukurasa sehemu tatu, ya tatu niandike: nani amesema nini.

Siwezi kuendelea hivi. Nimebakiza siku nane. Nitaanguka mbele yao, mezani, na kitambaa cha meza mkononi.

Jumamosi, 26 Septemba

Nicodème amesoma. Ameondoa hata ile karatasi niliyofunikia, mpumbavu huyu, akasoma na habari ya fimbo. Kisha akafunga daftari polepole.

"Haiko chakula, Umba. Weye unakula woga. Asubui woga, muchana woga, mangaribi woga. Tumbo itafanya nini?"

Nikamwuliza dawa ya woga iko kabati gani. Hana. Unga mweupe ni huo huo. Akachungulia mlango, akashusha sauti. Eti kuna mama mmoja mzee kutoka mtoni, hatoi majani wala haiti mizimu, anatumia mikono tu. Wanawake wa mtaa wanakwenda kwake tangu Jumatatu, hata mke wa mwalimu. Matumbo yaliyokazana yanalegea kama unga uliotiwa maji. Nikauliza anakaa wapi.

"Unaniuliza miye?" akasema. "Iko mu nyumba yako."

Mama Numbi!

Nimerudi nyumbani nikicheka peke yangu barabarani kama kichaa. Mtu mmoja Kamina nzima anayeweza kulifungua tumbo langu, na ndiye mtu mmoja ambaye hawezi kuliona. Hata angeweza — na ile fomu? Siendi kwa waganga, nimetia sahihi.

Nikamwambia Dorothée kwa mzaha. Hakucheka. Alikaa akafikiri, mkono juu ya tumbo lake.

Jumapili, 27 Septemba

Niandike yote, nisisahau.

Asubuhi sikuweza kwenda misa. Nimelala nimejikunja, magoti kifuani, jasho. Dorothée amefunga mlango wa chumba, akakaa pembeni ya kitanda, akagonga ukuta. Mara mbili, kidogo. Upande wa pili kiti kikasogea.

Nikashtuka. Nikataka kuinuka. Akanisukuma chini kwa kiganja, mjamzito huyu ana nguvu! Akaninong'oneza kwamba mama amekaa na mgongo wake ukutani, amefunika kichwa, haoni kitu. Na mimi nitazame paa.

Kisha sauti ikaja juu ya ukuta. Anasema Kiluba cha mtoni, kizito na cha upole, wala hakusema nami. Alisema na binti yake. Jina langu halikutajwa.

"Mwambie alale mugongo. Magoti juu."

"Amelala, mama."

"Weka mukono chini ya kitovu. Usikamue. Weka tu, sawa unaweka ku kichwa ya mutoto. Kuna kitu inapiga?"

"Inapiga, mama. Inapiga mbio."

"Njo ile. Usiifukuze. Ungoje ishuke."

Tukangoja. Sijui muda gani. Sauti ikasema nipumue, si kwa kifua, kwa pale penye mkono. Nitoe pumzi polepole, kama mtu anayepuliza makaa ya jana, ukipuliza kwa nguvu majivu yanakuingia machoni. Nikapuliza. Mkono wa Dorothée ukapanda na kushuka. Nikasikia kile kinachopiga kikisogea, kikateremka, kikawa polepole. Halafu matumbo yakanguruma kama bomba lililozibuliwa. Dorothée akacheka. Nyuma ya ukuta nako mtu akacheka, mara moja, akajizuia.

Nami nikalia. Niseme kweli, nililia. Machozi yakaingia masikioni. Huko kwetu wanasema huzuni na furaha hukaa munda, ndani ya tumbo. Nimekua nikidhani ni maneno ya wazee.

Mama Numbi akamwuliza binti yake tumbo hili lilianza lini. Dorothée akanitazama. Nikatikisa kichwa, hapana. Akasema: "Zamani, mama." Sauti ya nyuma ya ukuta ikasema tumbo linakumbuka kuliko kichwa, tusiligombeze.

Chakula: bukari! Kipande kizima! Na kuku.

Maumivu: hakuna. Hakuna. Hakuna.

Jumanne, 29 Septemba

Siku mbili salama. Asubuhi na jioni tunagonga ukuta. Nimelegeza mkanda tundu moja. Nimemwagiza Dorothée ampe mama kitenge kizuri, bila kusema kimetoka kwa nani. Amekipokea, hakuuliza, jioni amekivaa. Nimeona ncha yake tu, ikipita.

Leo nilikuwa na moyo, nikamwuliza Malachie alivyopita yeye mwaka juzi. Walimwuliza nini mezani? Akatazama dirishani. Akasema maneno tu, maneno. Kisha, bila kufikiri nadhani, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akajimiminia ulimini unga mweupe.

Ule ule. Bikaboneti.

Nikauliza tangu lini. Akakunja karatasi vizuri, akairudisha mfukoni pale pale ilipo kadi. "Tangu ile siku," akasema. Akaniambia nisiogope, yangu itakwisha. Hakunitazama alipokuwa anasema.

Maumivu: kidogo, saa tisa.

Jumatano, 30 Septemba

Nimepanga. Jumamosi mama ataenda kwa Phébé tangu saa nne, atarudi wakishaondoka. Nimelisema kwa Dorothée kama jambo dogo. Hakulichukua kama dogo.

"Unamuficha mama yangu? Anakuponyesha ku ukuta, halafu unamuficha sawa chungu ya pombe?"

Nikasema si kumficha, ni heshima, ni ukwe, atakulaje chumba kimoja na mimi? Akasema heshima gani inayoogopa wageni. Nikasema kelele ziishe. Nikaona nimeinua sauti. Mimi! Sauti ile ile ya ofisini. Akaenda jikoni akakaa na mama yake, wakamenya karanga.

Tumbo limekaza. Leo nilistahili.

Alhamisi, 1 Oktoba

Fomu! Ile fomu! Wakaaji: watatu. Nimemwandika kwa mkono wangu, kwa mwandiko wangu mzuri, nikidhani ukweli ni ngao. Wakija wakakuta wawili watasema karani amedanganya. Mwongo hapewi kadi.

Basi hataenda kwa Phébé. Atakaa jikoni, uani. Nitasema ana kazi ya kupika. Si uwongo.

Chakula: hakuna kinachopita.

Ijumaa, 2 Oktoba

Kifuniko cha chungu kimesuguliwa kwa majivu mpaka kinang'aa. Choo kimetiwa chokaa. Kitambaa cha meza cha masista kimepigwa pasi. Mvua ya kwanza imenyesha saa nane, udongo mwekundu mlangoni kote, nikafagia, ikanyesha, nikafagia. Dorothée amekwenda kwa Phébé kuazima viti viwili, viwe vinne na vyetu. Akarudi na vitatu! Cha tano cha nini? Eti cha kuwekea kofia ya mzungu. Nikacheka, na yeye akacheka, tukapatana hivyo.

Jioni tumegonga ukuta. Haikushuka. Mara tatu tumejaribu, inapiga tu, inapiga. Mikono ya Dorothée imechoka.

Upande wa pili mama akamwambia binti yake amwachie mwenye tumbo aweke mkono wake mwenyewe. "Kesho ukuta haitakuwako," akasema. "Ajue njia peke yake."

Nimeweka mkono. Ulikuwa baridi kama wa Nicodème. Baada ya muda mrefu ikashuka kidogo, kidogo tu. Nimelala nayo hivyo.

Jumamosi, 3 Oktoba, saa saba kasorobo

Niko chumbani, mlango nimeufunga. Naandika kwa penseli. Nimewaambia naleta cheti cha ndoa. Cheti kiko hapa kitandani, hakikuhitaji kutafutwa. Nikiacha kuandika nitatapika.

Wamefika saa sita kamili. Mzungu wa miwani, mpole — kweli mpole, hakuinua sauti hata mara moja. Na Malachie, tai ya bluu. Choo, vizuri. Vitabu, vizuri. Mzungu amefunua chungu, amenusa, ametabasamu. Dorothée amesema bonjour bila kutetemeka, ameshika uma kama aliyezaliwa nao. Kofia imewekwa juu ya kiti cha tano. Nilikuwa nimeanza kupumua kwa chini, pale panapotakiwa.

Akatoa fomu yangu. Akahesabu kwa kidole. Watatu. Akatazama meza, akauliza mama yuko wapi.

Nikasema jikoni, ana kazi.

Akacheka kwa huruma. Eti leo ni sikukuu yake pia. Katika nyumba iliyostaarabika mama mzee hali uani kama mtumishi. Ndicho anachotaka kuona, akasema, familia nzima meza moja, halafu hana swali tena, anatia sahihi hapa hapa. Akainua kofia yake kutoka kwenye kiti cha tano, akakivuta mwenyewe, akakiweka. Mbele ya changu. Ana kwa ana.

Nikamtazama Malachie. Yeye ni Mluba, anajua. Neno moja tu lake lingetosha! Alitazama sahani yake. Sasa najua walichomwambia mwaka juzi. Najua mama wa nani alikaa mbele yake.

Mzungu akamtuma Dorothée akamwite. Akainuka na tumbo lake, polepole, akinitazama. Nami nikasema cheti cha ndoa.

Nikikataa, mimi ni mshenzi, fomu inachanwa, na fimbo iko pale pale uwanjani inaningoja. Nikikubali, nimevua nguo. Askari wawili walinishusha suruali mwaka 44, walinishika mikono. Hapa hakuna anayenishika. Hapa nijivue mwenyewe kwa uma na kisu, na nimvue naye, mama wa watu, aliyeniponya tumbo bila kulitazama. Kwa ajili ya kadi ya kutovuliwa nguo!

Nasikia mlango wa uani. Nyayo zisizo na viatu. Anasimama.

Dorothée anamwambia kwa sauti ndogo anachotakiwa. Arudi jikoni, Mungu wangu, arudi, nisiwe mimi wa kuchagua.

Kiti kimesogea. Ameketi.

Nimechungulia kwenye ufa wa mlango. Kile kitenge nilichompa. Amejifunika nacho kichwa, ameinama, mikono mapajani, hagusi kitu. Anatetemeka. Mama Numbi anatetemeka. Kiti cha mbele yake ni kitupu, ni changu.

Sasa anasema. Kiluba, kwa Dorothée, kama mtu anayeomba chumvi:

"Mwambie aweke mukono chini ya kitovu. Asiifukuze. Angoje ishuke."

Mzungu anauliza mama amesema nini. Dorothée anamwambia mama amesifu chakula. Mzungu amefurahi, anaandika.

Malachie ameelewa. Mkono wake wa kushoto umetoka juu ya meza, umeingia chini, unatafuta pale.

Nimeweka na wangu. Inapiga. Napuliza polepole. Inapiga bado.

"Umba?" Mzungu anaita, kwa upole tu. Sahani zinapoa. Mama hajainua uso. Haijashuka. Anaita tena. Naweka penseli —